Bega, Sifuri Hadi Kumi

"Mbili," alisema mpiga pasi kwenye simu, na palepale bega lake la kulia likamchoma hadi machozi yakamlengalenga.

"Mbili?" sauti ya upande wa pili iliuliza. "Una uhakika, dada? Sifuri ni hakuna kabisa. Kumi ni maumivu ambayo hujawahi kuyaona."

"Namba mbili. Asante." Akakata.

Ilikuwa nane. Tena nane na nusu, kama fomu yao ingekuwa na nusu. Lakini mumewe alikuwa amekaa kitandani, hatua moja tu kutoka pale aliposimama, akivua viatu vya kazi, na hakuna mke mwenye akili timamu anayetaja nane kwenye simu mbele ya mume asiyejua kinachohesabiwa ni nini.

"Mbili nini?" aliuliza fundi, mumewe.

"Kazini. Wanataka kujua ni mashine namba ngapi inayounguza nguo."

"Yaani mtu kalala kwao, kafika nyumbani hata maji hajanywa, bado wanampigia?" Fundi alitupa kiatu chini. "Huyo bosi wako ana wazimu. Hebu geuka nilione hilo bega."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya mpiga pasi ilikuwa imepimwa vizuri. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba dobi anakofanyia kazi wamepata mashuka mia nane ya hoteli, na wanawake wote watalala hukohuko Jumatatu, warudi Jumanne jioni. Bosi wake alikuwa amemwambia kwamba mama mkwe kalazwa, anaomba siku tatu za kumuuguza. Kila mmoja alipewa uongo wake, na kwa kuwa hawakutani mara kwa mara, ungekaa.

Ukweli ni kwamba Jumatatu asubuhi mpiga pasi alikuwa amelala chali katika chumba cha upasuaji cha wodi ya wanawake, tumbo limejazwa gesi kama puto ili kamera ipate kuona, madaktari wakimfunga kizazi kupitia matundu matatu madogo. Ana watoto wanne. Huyo wa nne alikuja na damu isiyokatika. Daktari aliwaita wote wawili, mume na mke, akawaambia kwamba wa tano anaweza kuondoka na mama yake. Fundi alisikiliza, akashukuru, na walipofika nje ya geti akasema, "Madaktari nao wanapenda kutisha watu. Mungu ndiye anayejua idadi."

Si mtu mbaya, fundi. Ni mchomeleaji wa mageti na madirisha, karakana yake iko palepale mbele ya nyumba, na watoto wote wanne wamejifunza kutembea kwa kushika mageti ya watu. Anawapenda hadi inakera. Mama yake alipozoea kumwita yule mdogo "kitindamimba", fundi alimkataza. "Mama, usimwite hivyo. Wewe ndiye unayefunga duka?" Na tangu mwezi uliopita, kila akipata mabaki ya mabomba, alikuwa akiunga kitanda kidogo cha mtoto, chenye vizuizi pande zote. Mdogo alikuwa na mwaka na miezi mitatu na anakaribia kukizidi kabla hakijaisha. Kila mtu alijua kitanda kile si chake.

Kitanda kile ndicho kilichompeleka mpiga pasi hospitali. Aliona vizuizi vinaongezeka kimoja kimoja, akaona siku zake nazo zinapungua vivyo hivyo.

Kuhusu bega aliambiwa mapema. Muuguzi mmoja kijana, wa utafiti, alikaa kando ya kitanda chake na kumweleza kwamba gesi haitoki yote, inayobaki hupanda na kukera kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. "Sasa mshipa wa fahamu wa pale na wa bega huingia mlango mmoja. Ubongo unakosea nyumba. Tumbo ndilo limeguswa, bega ndilo linalolia." Walikuwa wanataka kujua kama dawa ya ganzi, ikinyunyizwa chini ya kiwambo hicho kabla ya kufunga matundu, inapunguza hayo maumivu. Nusu ya wanawake wangepata ganzi, nusu wangepata maji ya chumvi. Atakayejua nani kapewa nini ni mwenye kutunza bahasha za kura tu.

"Na mimi nikipata maji?" aliuliza.

"Utakuwa na vidonge vya maumivu kama wengine wote. Na mimi nitakupigia mara tatu kwa siku, hadi Alhamisi jioni, nikuulize namba."

Alitia sahihi. Vidonge alipewa kweli, ila alivitupa kwenye pipa la geti la hospitali, kwa sababu vilikuwa na jina la wodi kwenye pakiti. Akili ya mtu anayeogopa haiwazi kwamba pakiti inaweza kutupwa na vidonge vikabaki.

"Lala kifudifudi," fundi alisema sasa, akimimina mafuta ya kuchua kiganjani. "Hilo ni jambo la misuli. Nitalikanda mpaka liseme ukweli."

"Acha tu, baba watoto. Litaisha lenyewe."

"Litaisha lenyewe vipi? Wewe ukinikanda mgongo mimi nakataa?"

Alimshika kiuno kwa upole ili amlaze. Mpiga pasi aliweka magoti kitandani, akaweka viganja, akabaki hapo kama mtu anayesugua sakafu, maana chini ya gauni kulikuwa na plasta tatu, na ile ya kitovuni ilikuwa imeanza kulowa. Mume wake alikuwa anamsubiri, mafuta yakidondoka kwenye shuka. Hakuna sababu duniani ya mwanamke mwenye bega bovu kukataa kulalia tumbo. Aliitafuta, hakuiona.

"Huyo usimkande." Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mdogo amemkalia kiunoni. Hakuwa amebisha hodi.

"Mama, ni bega tu. Pasi zimemchosha."

"Nimesema usimkande. Bega hilo halikandwi. Mpe shuka ajifunike, na wewe nenda ukaoge, unanuka moshi wa chuma."

Fundi ana miaka thelathini na tisa, na mama yake akisema aende kuoga, anakwenda. Bibi wa watoto alimtazama mkwewe kwa muda, akamtazama kiunoni, mahali gauni lilipovutika, kisha akatoka na mtoto.

*

Saa moja asubuhi simu ililia tena. Mpiga pasi aliingia nayo bafuni uani, akafunga mlango wa bati uliotengenezwa na mumewe, wenye komeo la ndani na la nje. Maji ya bomba aliyafungulia ili yasaidie kufunika sauti.

"Nane," alinong'ona. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu namba ya kweli. Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kinamuuma kiasi gani. Waliuliza kama kinauma.

"Jana jioni ulisema mbili. Unatumia vidonge?"

"Vimepotea."

"Dada, nenda kituo chochote cha karibu wakupe vingine. Na ukisikia homa au damu, njoo leoleo. Ukilala, maumivu hupungua?"

"Yanapungua. Nikisimama yanarudi." Kisha, kwa kuwa alikuwa amebanwa na kitu hicho tangu Jumatatu: "Kaka, mimi nilipewa maji, siyo?"

"Hata mimi sijui, dada. Kweli kabisa. Wewe lala, usisimame sana."

Alipofungua mlango alimkuta bibi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, beseni la nguo mbele yake, hajaloweka hata moja.

"Nane si ndogo," bibi alisema.

"Ni mashine ya kazini, mama. Namba nane ndiyo..."

"Jana ilikuwa namba mbili. Dobi hilo lina mashine ngapi mbovu?" Bibi alisogeza beseni pembeni. "Mwanangu, nimepiga deki wodi ya wanawake miaka ishirini na sita. Wodi ile mimi naijua kuliko mabomba yake. Aliyejifungua anashika kiuno. Aliyefanyiwa matundu anashika bega, tena la kulia, na anatembea hivyo ulivyotembea jana kutoka getini. Manesi walikuwa wanawaambia wamelalia vibaya. Mimi na deki yangu nilijua wanadanganywa, lakini nani atamuuliza mpiga deki?"

Mpiga pasi alikaa chini palepale, juu ya saruji yenye maji.

"Wamekutoa nini?"

"Hawajanitoa kitu. Nimefunga, mama."

Kwa jirani redio ilikuwa inatangaza bei za vitu. Bibi alichukua shati moja la mwanawe, akalikagua kola, akalirudisha.

"Wanasema mficha uchi hazai. Wewe umeuficha ili usizae." Hakucheka. "Ningekwambia usiende? Hukuniuliza. Nilikuwepo ulipoletwa na damu ile, miguu yako mimi ndiye niliyeifuta. Lakini hukuniuliza."

"Niliogopa utamwambia."

"Ni mwanangu. Na wewe uko nyumbani kwake. Mimi nami niko nyumbani kwake, unafikiri nalala wapi?" Alisimama, akamshika mkwewe mkono wa kushoto, ule usiouma. "Nenda ukalale chali, toa mto, weka mto huo chini ya makalio. Gesi iteremke. Wale walionisikiliza walipata nafuu. Nitamtuma binti yenu mkubwa akalete vidonge."

"Mama, utamwambia?"

"Mimi nimeona bega. Kuna anayekataza mtu kuona bega?"

Walikuwa wamefika mlango wa nyuma ndipo mpiga pasi alipogundua kwamba karakana iko kimya. Saa hizi grainda yake ya kukatia chuma huwa imeshalia hadi majirani wamelalamika.

"Baba watoto yuko wapi?"

"Katoka na baiskeli. Amekasirika na ile simu ya jana. Anasema anakwenda kumwambia huyo bosi wako, Bi Mikunjo, kwamba mke wake si punda."

Mpiga pasi alimpigia mara moja. Simu ya fundi ilisikika ikilia karakanani, kwenye chaji.

*

Bosi wa dobi walimwita Bi Mikunjo kwa sababu ya wimbo wake wa kila siku: sitaki mikunjo. Alikuwa mwanamke mfupi anayevaa miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, na alimpokea fundi mlangoni kwa mikono yote miwili kabla fundi hajafungua mdomo.

"Shemeji! Pole, pole sana. Tumekuwa tukisema hapa, kesho tuje. Anaendeleaje?"

Fundi alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. Alikuwa na neno *punda*, alikuwa na neno *sheria za kazi*, na alikuwa amekusudia kuanza na la kwanza. "Ana maumivu," alisema. "Bega lote. Na ninyi..."

"Bega tena? Mkeo alituambia ni presha." Bi Mikunjo aligeukia ndani, ambako mvuke ulikuwa umefunika wanawake hadi vifuani. "Jamani, shemeji kaja! Mama yake bado yuko wodini, sasa bega nalo limeingia!"

"Pole, shemeji!" sauti kumi zilijibu.

"Mama yangu?" fundi aliuliza.

"Usione aibu. Mzazi ni mzazi. Mimi nilimwambia mkeo, nenda hata wiki, mama mkwe hauguzwi kwa zamu. Na mkwe kama huyo mshukuru Mungu, Jumapili jioni alipokuja kuaga alikuwa analia." Akapokea kikapu kutoka kwa binti mmoja na kumkabidhi fundi. Ndani kulikuwa na chupa mbili za juisi, sukari, sabuni za kuogea, na shuka jeupe lililopigwa pasi likakunjwa kwa pembe kali. "Shuka ni la kwake. Mashuka ya hospitali tunayajua sisi."

Fundi alitazama ndani. Alikuwa anatafuta mashuka mia nane. Aliona meza nne, na kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, pasi imesimamishwa wima na waya wake umezungushwa vizuri, kama inavyoachwa na mtu aliyeondoka kwa siku kadhaa.

"Hoteli," alisema polepole. "Ile kazi ya hoteli."

"Hoteli gani? Tungepata hoteli tungekuwa hapa?"

Wanawake walicheka. Fundi naye alicheka, maana kunyamaza kungekuwa kujivua nguo mbele yao. Alishukuru mara tatu. Aliposhindwa kukifunga kikapu kwenye baiskeli aliamua kukokota baiskeli kwa mkono mmoja na kubeba kikapu kwa mwingine, na njia nzima watu wanaomfahamu walimuuliza anamtembelea nani.

*

Ilikuwa karibu saa saba mchana alipoingia. Bibi alikuwa anachambua mchele sebuleni. Mpiga pasi alikuwa amelala chumbani, mlango wazi, kichwa chini na kiuno juu ya mto, kama alivyoelekezwa. Alisikia kikapu kikiwekwa mezani. Alisikia chupa zikigongana.

"Mama, pole," fundi alisema.

"Pole ya nini?"

"Ya kulazwa. Wanauliza presha inaendeleaje. Wamekuletea juisi."

Bibi aliendelea kuchambua mchele, lakini vidole vyake vilikuwa havichagui kitu. Fundi aliingia chumbani. Mpiga pasi alijaribu kuinuka haraka, na bega likamkata pumzi.

"Jumatatu ulilala wapi?"

"Baba watoto..."

"Usiseme dobi. Dobi nimetoka. Ulilala wapi?"

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha. Fundi akiwa na hasira hupiga kelele, hutupa viatu, na baada ya dakika kumi anaomba chai. Huyu alikuwa amesimama na mikono yake mikubwa imening'inia, kama hajui ni ya nani.

Simu ililia kwenye rafu. Fundi aliitazama. *Kazini 2*, ilisema.

"Kazini ni wanawake kumi na mmoja," alisema, "na wote nimewaona." Akaipokea, akaiweka sauti ya nje.

"Habari za mchana, dada," sauti ya kijana wa kiume ikajaa chumbani. "Bega linaendeleaje? Umelala kama nilivyokushauri?"

Fundi alifumba macho. "Wewe ni nani?"

"Samahani. Naomba kuongea na mwenye simu."

"Mimi ni mume wake."

"Nashukuru kukufahamu, kaka. Lakini naomba niongee na mwenyewe."

Alikuwa anafuata utaratibu, kijana wa watu. Alifundishwa kwamba siri ya mgonjwa haitolewi hata kwa mume, na hakujua kwamba kila neno la adabu alilolitamka lilikuwa linamzika mgonjwa wake. Mpiga pasi aliuona uso wa mumewe ukijijengea picha: mwanaume, kitanda, siku mbili. Na kwa muda mfupi, aibu iliyoje, alitamani kumwachia picha hiyo. Mwanaume mwingine anaweza kutafutwa na kupigwa, na mke anaweza kulia, wazee wakaitwa, mambo yakasemwa yakaisha. Kizazi kilichofungwa kingempigisha fundi nani?

"Ni mimi," bibi alisema. Alikuwa ameingia na ungo wake wa mchele. "Nilimpeleka mimi, hospitali. Kafungwa kizazi. Mimi ndiye niliyemlazimisha, kwa sababu nilichoka kuona damu. Ukitaka kugombana, gombana na mimi."

Fundi alimgeukia mama yake. Kila kitu usoni pake kilianza kupoa, maana mwana hagombani na mama, na mpiga pasi aliona mlango umefunguka mbele yake, mpana, wa bure. Angenyamaza tu. Angekuwa mke aliyelazimishwa. Angesamehewa kabla ya jioni, na kuanzia hapo mwili wake ungekuwa kitu kilichoamuliwa na mama na mwana, hivi leo na vile kesho.

"Hapana, mama," alisema. "Usinibebee."

Alinyoosha mkono wa kushoto, akaichukua simu kwenye vidole vya mumewe. Haikushikwa kwa nguvu.

"Kaka, upo? Uliza tena."

"Dada, kama si wakati mzuri..."

"Uliza."

"Bega. Sifuri hadi kumi."

"Asubuhi ilikuwa nane, sasa ni saba. Ile mbili ya jana ifute. Nilikuwa na mtu pembeni."

"Na sasa uko peke yako?"

"Hapana. Yuko hapa. Mwambie Jumatatu nilifanyiwa nini."

"Hilo siruhusiwi bila..."

"Mimi mwenyewe ndiye ninayekuruhusu."

Kijana alikohoa. "Ulifungwa kizazi, dada. Kwa ridhaa yako."

"Nilikuja na nani?"

"Ulikuja peke yako."

Alikata simu, akaiweka juu ya shuka. Punje chache za mchele zilikuwa zimemwagika sakafuni na hakuna aliyeinama.

"Sahihi yangu iko wapi?" fundi aliuliza.

"Haikuhitajika."

"Haikuhitajika," alirudia. Alikuwa akilitazama tumbo la mkewe, si kwa hasira. Alilitazama kama geti alilolijenga yeye na sasa limebadilishwa kufuli. "Nilikwenda kukugombea kule. Nilikuwa nimejiandaa kuwapiga kwa ajili yako. Wakanipa juisi."

"Najua. Nisamehe kwa hilo."

"Kwa hilo tu?"

Hapo angeweza kusema nisamehe kwa yote. Maneno hayana gharama, na wanawake wengi wameyasema wakiwa na makosa madogo zaidi. "Kwa kukudanganya," alisema. "Kwa kufunga, hapana. Ningekufa, baba watoto."

Fundi alitoka. Baadaye kidogo grainda ililia, na ililia mchana kutwa, hadi mdogo akazoea akalala.

*

Hakusema naye Jumatano jioni, wala Alhamisi. Chakula alikula karakanani. Akitaka kitu alimtuma binti mkubwa: mwambie mama yako anipe taulo, mwambie mama yako funguo ziko wapi. Mpiga pasi alijibu kwa njia hiyohiyo. Binti alichoka, akasema, "Si mnasikiana lakini?"

Bi Mikunjo, ambaye maswali ya fundi yalikuwa yamemfumbua macho, naye alituma ujumbe. Kikapu wasikirudishe, alisema, lakini Jumatatu mpiga pasi aje mapema, kabla ya wenzake, wazungumze, kwa sababu mikunjo ya namna hiyo yeye haipendi. Bibi alifungua juisi akawagawia watoto. Shuka jeupe alilitandika kwenye kitanda cha mkwewe.

"Umepewa kwa jina langu," alisema, "lakini mgonjwa ni wewe." Alikuwa bado hajamsamehe kwa kutoulizwa. Vidonge alimletea kwa wakati, na maji, na hakukaa kuzungumza. Mara moja tu, akikusanya kikombe, aliuliza: "Hao waliopewa ganzi hawaumwi kabisa?"

"Ndiyo wanachotafuta kujua, mama."

"Sisi wetu hawakupewa hata maji. Waliambiwa wanadeka."

Bega lilipungua. Lilikwenda tano, likaja tatu. Lakini kadiri lilivyopungua, mpiga pasi alizidi kusikia vitu vingine: viatu vya mumewe vikipita dirishani bila kusimama, patasi ikiwekwa mezani, brashi ya rangi ikigongwa kwenye kopo. Nyumba ni vyumba viwili na sebule. Hapakuwa na mahali pa kwenda asimsikie.

Alhamisi, jua likikaribia kuzama, fundi alikuja ndani akisukuma kitanda kidogo. Alikuwa amekimaliza. Kilikuwa cheupe, rangi bado inanuka, vizuizi vyote vimesuguliwa hadi kidole hakikwaruziki popote. Hakusema lolote. Alikipitisha mlangoni kwa ubavu, akakiweka mwisho wa kitanda kikubwa, upande wa miguu, mahali pekee palipobaki wazi chumbani, akatoka akasimama kizingitini akijipangusa mikono.

Mpiga pasi alikitazama. Kilifika hadi kwenye kabati. Kuanzia kesho, akitaka kutoka kitandani, itambidi apite kwa ubavu, ameshika vizuizi vile. Kila siku, kitupu. Hakuna tusi ambalo lingemfikia vizuri namna hiyo, na alijua mumewe hakuwa ametafuta tusi. Alikuwa amemaliza kazi aliyoianza, basi, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kufanya kwa mikono yake.

Simu ililia. Hakuhangaika kutoka nayo.

"Hii ndiyo ya mwisho, dada. Bega?"

"Moja. Nikiinama tu."

"Vizuri sana. Kuna maumivu mengine yoyote mahali pengine?"

Fundi alikuwa palepale mlangoni. Mpiga pasi alifikiri. "Andika hakuna," alisema.

"Asante kwa kushiriki. Bahasha zikifunguliwa tutakujulisha ulipewa nini."

Bibi alipita chini ya mkono wa mwanawe, mdogo amelala begani pake, mate yakimtoka. Alikikagua kitanda kipya kutoka upande hadi upande. Alikigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua. Kisha akainama, magoti yakilia, akamlaza mtoto ndani. Miguu ilifika karibu kabisa na mwisho; kitanda kilimtosha kwa miezi michache tu.

"Haya, lala," bibi alisema kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwa ndani. "Lala, kitindamimba wangu."

Mpiga pasi aliushika ukingo wa shuka jeupe akasubiri. Fundi alikuwa anamtazama mtoto, na mdomo wake ulifunguka, ukafungwa. Mtoto alijigeuza juu ya mabomba matupu, akakunja uso, akataka kulia.

"Kitamuumiza bila godoro," fundi alisema. Alimwambia mama yake, bila kumtazama mkewe. "Mpakate kwanza. Nina kipande cha sponji kule nje, nikakikate."

Wakamsikia akitafuta kisu.